Helmeti haina hata mkwaruzo

Tumetoka kumzika sasa hivi. Kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu hapa Nyakato, Mwanza, ndiye alikuwa anampeleka mwanangu shule tangu yuko chekechea.

Juzi usiku kavaana na lori lililoegeshwa bila taa, barabara ya Musoma. Hata pembetatu hawakuweka!

Bodaboda wenzake wamemsindikiza taa zimewaka mchana kweupe. Hakuna aliyepiga honi.

Pikipiki yake ipo pale kwao, imepinda mbele. Helmeti bado imening'inia kwenye usukani. Nimeishika. Haina hata mkwaruzo, na ile nailoni ya dukani ingali kwenye mkanda.

Nimeshindwa kuirudisha nilipoitoa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema katika kila watu 100 wanaokufa barabarani, kama 21 ni wa pikipiki na bajaji. Niliwahi kuisoma nikapita. Leo nimemwona mama yake.

Mimi mwenyewe nimepanda nyuma yake mara ngapi bila kumwambia "baba, vaa kwanza"?

Ndugu zangu wa Igoma, Kirumba, Mkolani, kijiweni kwenu wanavaa? Na abiria mnapewa? Niambieni.