Hini umeiona wapi?

Maneno matatu tu, na mpaka sasa hayajaniacha nilale.

Mnaonisoma mnaijua ile kofia. Ndiyo hiyo niliyoilalamikia tangu kabla ya Ramadhani, ya Ami wa nyumba ya nyuma, aliyetaka iwe tayari kwa Maulidi. Imekwisha. Nilimpelekea Jumatano baada ya alasiri, imefungwa ndani ya leso safi. Ami akaitoa, akaivisha gotini, akawa anaizungusha taratibu. Alipofika ubavuni akasita. Viua vya pale, vile vitundu vya darizi, nimevizungushia uzi wa buluu. Si vyote, ni mstari mmoja tu unaokatiza katikati ya weupe. Akaupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari ule, kiua baada ya kiua, kama mtu anayevuta tasbihi.

"Hini umeiona wapi?"

"Hapa hapa, Ami."

"Hapa hapa wapi?"

Mimi nikacheka, nikasema nimeipenda tu. Akanipa changu, akaniombea dua, akarudi kwenye kahawa yake barazani.

Hapa hapa wapi? Sauti haikuwa kali. Wala haikuwa ya sifa, na hilo ndilo balaa lenyewe. Ingekuwa sifa ningelala, ingekuwa lawama ningemjibu. Wiki hii shule zimefungwa, wifi kajifungua mtoto wa kike, mwalimu mkuu wetu kapata uhamisho, nami bado niko na ukucha wa Ami.

Usiku ule nilimjibu kichwani, tena kwa hasira. Nimeiona kwenye sahani, Ami! Zile za Kichina, nyeupe kwa buluu, ambazo wazee wetu walizipanga kwenye zidaka na huko Mambrui wakazipachika mpaka kwenye nguzo za makaburi. Na usiniambie buluu ile ni ya Wachina peke yao, maana kobalti yake, madini yanayoitoa rangi ile, zamani ilitoka Uajemi ikapelekwa Jingdezhen huko Uchina, ikapakwa kwenye vyombo, kisha ikarudi upande huu wa bahari imeshakuwa bakuli. Linalonipendeza zaidi ni kwamba mchoraji anapoipaka hiyo kobalti hana buluu yoyote mbele yake. Anachokiona ni rangi ya kijivu iliyokaribia weusi, chafu chafu. Chombo kinatiwa mng'aro juu, kinaingia tanurini, na ni moto wa nyuzi kama 1,300 ndio unaoitoa buluu. Sasa huyo naye angeulizwa ameiona wapi, angesemaje? Hakuiona. Aliijua tu kuwa itakuja.

Jibu zuri mno. Bahati mbaya nililitoa saa nane za usiku, hakuna anayenisikia ila paka.

Kulipokucha nikabadilisha. Kwani nikisema nimeiona kwenye simu ni dhambi? Mnakumbuka ile filamu niliyowasumbua nayo, Blue ya Derek Jarman, ya 1993. Dakika 79 za skrini ya buluu tupu, hakuna mtu wala mti, ni sauti na muziki tu. Maradhi ya Ukimwi yalikuwa yakimla macho, akatengeneza filamu isiyohitaji macho, na mwaka uliofuata akafa. Mdogo wangu alinikuta naitazama, akaninyang'anya simu akaizima na kuiwasha, akidhani kioo kimekufa. Mimi mwenyewe nilichoka kutazama kabla ya nusu. Nikaiweka simu kando, nikawa nasikiliza huku nakaza viua, na nadhani uzi wa buluu uliniingia mkononi katika siku zizo hizo.

Au nimeiona kitabuni. Yule Anna Atkins wa Uingereza, mwaka 1843, alikuwa analaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, anaiweka juani, kisha anaiosha kwa maji. Palipofunikwa na mwani panabaki peupe, kwingine kote panakuwa buluu nzito. Njia yenyewe John Herschel alikuwa ameigundua mwaka mmoja tu kabla. Kitabu kizima cha mwani, bila kamera. Kila nikipita ufuoni Shela nikauona mwani uliotupwa na maji, naona jua letu linapotea bure.

Miles Davis na Kind of Blue, albamu yake ya jazi ya 1959, namwacha. Ami ukishamwekea nyimbo za Zein l'Abdin na udi wake wa nyuzi, hana haja ya tarumbeta ya mtu.

Basi jana kaja Shangazi na mkate wa mofa. Nikamsimulia, na sauti ya Ami nikaiigiza. Alicheka mpaka buibui likamteleza begani.

"Huyo! Mimi kaniuliza hivyo hivyo kwa mkate huu. Fundi wa mlango kamuuliza. Daktari wa macho kamuuliza!"

Kumbe. Nikacheka na mimi, kicheko cha kweli, mzigo ukashuka. Haikupita dakika nikanuna. Swali lililonikesha, kumbe ni la kila mtu! Nilishalizoea, nilishaliona langu.

Shangazi hakuwa na habari na kununa kwangu. Yeye alitaka kujua jambo moja, uzi ule unachuja? Nikamwambia hauchuji, nimeulowanisha na kuupiga pasi juu ya kitambaa cheupe kabla sijautia sindanoni. Akaridhika. Kisha akasema, huku anatafuna, "Hata ukichuja kidogo, kofia gani nyeupe isiyopita kwenye buluu?"

Anasema kweli. Pamba ikikaa inaingia umanjano, na maji ya mwisho ya kusuuzia huwa na buluu ya kufulia kidogo tu, inayoufanya umanjano ule usionekane. Kanzu na kofia zote zitakazojaa msikiti wa Riyadha hapa Lamu siku ya Maulidi, weupe wote ule, nyingi zimetoka kwenye beseni la maji ya samawati. Uzi wangu umekuja nyuma sana.

Nimeshakata kitambaa cha kofia nyingine, na safari hii nitatia mistari miwili, aulize.

Ila huu uhamisho wa mwalimu mkuu sasa ndio unaonitia tumbo joto. Nasikia baada ya yeye tutafuata sisi, na jina langu limetajwa pamoja na Faza, kule kisiwa cha Pate. Na kusi hili, na boti kusubiri maji yajae ndiyo zipite mlango wa bahari wa Mkanda, si safari ya kwenda na kurudi kila siku. Itabidi nilale huko. Na mdogo wangu huyu wa kuzima simu, ndiye wa kumkumbusha Mama vidonge vyake vya presha?