Basketi tosi: angalia walio chini

Nikionyesha watu wa hapa Nairobi video za mashindano ya chialidingi, ule mchezo wa timu za kushangilia kwa sarakasi, wote macho yanaenda mahali pamoja, yule msichana amerushwa juu akajizungusha akarudi, na wanasema manze huyo ana roho ngumu. Na kweli anayo. Lakini mimi huwa naomba warudishe video waangalie wale wako chini, juu tosi, yaani huko kurusha mtu, inafaulu ama inaharibika mikononi mwao kabla flaya, yule anarushwa, hata hajapaa.

Iko hivi. Besi wawili, wale warushaji wa chini, wanatazamana, kila mmoja anashika kifundo cha mkono wake wa kushoto na mkono wa kulia, halafu ule wa kushoto unashika kifundo cha kulia cha mwenzake, inatokea mraba umekazwa. Kama ulikuwa skauti ama ulifunzwa huduma ya kwanza shuleni unaujua, ndio kile kiti cha kubebea mtu ameumia mguu. Flaya anasimama hapo juu, amejishikilia mabega yao, nyuma kuna mtu wa tatu, mara nyingine mbele kuna wa nne, na sheria haziruhusu warushaji zaidi ya hao.

Sasa wanachuchumaa kidogo pamoja na wanasukuma pamoja, nguvu inatoka kwa miguu, mikono inamalizia tu. Besi mmoja akiwahi hata kidogo flaya anaenda upande, na akishatoka mikononi hakuna kitu anaweza fanya kurekebisha njia yake, hewani hana pa kujisukuma. Anachoweza kubadilisha ni umbo. Akivuta mikono kifuani anazunguka haraka, akiifungua anapunguza. Ndio maana flaya mzuri anapanda amenyooka kabisa, anangoja afike karibu na kilele ndio apige teke ama ajizungushe, ukianza mapema unakata ile nguvu walikuwa bado wanakupatia.

Halafu kuna kudaka, na hapa ndipo naheshimu hawa watu sana. Chukua flaya amepanda mita 3 juu ya mikono, ni kama sekunde 0.8 kwenda na 0.8 kurudi, na akirudi anakuja karibu kilomita 28 kwa saa. Anakunja kiuno, miguu mbele, na besi lazima wawe na mikono juu tayari, wamkute mapema, kisha washuke naye kwa magoti, juu ukiongeza umbali wa kumsimamisha mara mbili ule mshtuko unapungua nusu. Wa nyuma anampokea makwapani na kulinda kichwa na shingo. Huyo wa nyuma hata kupepesa jicho asijaribu.

Ndio maana ngazi ya kwanza kwa mashindano haina tosi kabisa, zinafuata tosi za kupanda umenyooka tu, halafu tiki moja, yaani teke ama pozi moja hewani, mizunguko inaongezwa polepole, na samasoti, kupinduka kichwa chini miguu juu, ni za ngazi za juu kabisa. Marekani wenyewe, baada ya chialida wa chuo kuanguka vibaya kutoka piramidi kwa mechi ya basketiboli mwaka 2006, walikataza basketi tosi bila mkeka kwa sakafu ya basketiboli.

Nasema haya juu naona vijana wa mtaa wakijaribu kwa kabro, watu wawili wanarusha, nyuma hakuna mtu, mwingine ameshika simu. Uwezo tunao, Nairobi imejaa wanasarakasi wakali, enda Sarakasi Dome pale Ngara ujionee. Lakini tafadhali, yule wa kushika simu aiweke chini asimame nyuma. Tafuteni mkeka na kocha anajua hii kitu, na kabla hamjavipata fanyeni kuchuchumaa na kusukuma pamoja bila mtu juu, kwa hesabu, mpaka mikono yote minne ipande wakati mmoja.