Siku moja kijiweni: Honda ya mzee na kabureta isiyo na kosa

Kijiwe changu kipo Kihonda, Morogoro, chini ya mwarobaini. Benchi moja, sanduku la spana, matairi chakavu ya kukalia wateja. Wapita njia wakiniona nimeinamia kopo la petroli na mswaki mkononi, wanadhani nafua vyuma. Ndiyo maana nikitaja elfu tano ya kusafisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, mtu anaguna kama nimemwibia.

Saa 12:40 asubuhi. Nafagia, namwaga maji vumbi litulie, namuamsha dogo anayejifunza kwangu, ambaye husema ameamka huku macho yamefumba.

Saa 1 hadi saa 3 ni za bodaboda, na bodaboda hana muda, ana hesabu ya bosi. Mnyororo umelegea, taa imekufa, Boxer mbili zinavuja mafuta. Zinazovuja nilibadilisha sindano ya floti, inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa: ile ncha ya mpira ikishachimbika mduara haizibi tena, bakuli linajaa mpaka linamwagika. Saa 3 nilikuwa na elfu kumi na nne mfukoni na chapati mbili tumboni. Nikasema leo siku nzuri.

Saa 3:20 akafika mzee na Honda XL 125. Wa zamani mnazikumbuka, mabwana shamba walikuwa wakipanda nazo milimani. Huyu naye ni bwana shamba mstaafu, anakaa Mgeta, na pikipiki anaitunza kuliko watu wanavyotunza ndoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi ni wewe au ni huyo aliyelala?"

Dogo akaamka.

"Nisafishie kabureta," akasema. "Hakuna tatizo lingine."

Hawa ndio wateja wanaonichosha, wanaokuja na jibu mkononi. Nikamuuliza inazima ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Inazima kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kupewa moto, au ukiwa unakwenda? Umekwenda umbali gani? Akanitazama kama ninamhoji kipolisi. "Inazima inapotaka yenyewe." Kwa kubembeleza nikapata kwamba bila kuvuta choki, ile ya kupunguza hewa, nusu haitulii, na kwamba ikienda kilomita nne au tano inakohoa, inakufa, anakaa kando ya barabara akivuta pumzi, kisha inawaka kama haijafanya kitu. Mafundi watatu wameshaisafisha kabureta. Mimi ni wa nne.

Nikatoa plagi kwanza. Nyeusi, masizi makavu kama ya sufuria ya kuni. Hiyo ni choki: injini imekuwa ikilishwa mafuta mengi kupita kiasi cha hewa yake kwa wiki kadhaa. Lakini choki haivutwi kwa raha, inavutwa kwa sababu jeti ndogo, kitundu kinachopima mafuta, imeziba na mafuta ya sailensa hayafiki. Nikafunga koki, nikateremsha kabureta. Skrubu ya mchanganyiko siitoi kabla ya kuihesabu. Nikaifunga taratibu mpaka ikagota: mizunguko mitatu na nusu. Kuna fundi alikuwa akiifungua na kuifungua ili kuficha njaa ya jeti.

Bakuli likatoka na tope la kutu kama chai iliyolala. Nikachomoa kipini cha floti, jeti kubwa, halafu jeti ndogo. Hii jeti ndogo ndiyo ningependa watu waione. Ni kipande cha shaba kinachopotea kwenye kiganja, na tundu lake ni chini ya nusu milimita. Unakinyanyua juu, unafumba jicho moja, unatazama mbinguni. Ikiwa safi unaona nukta ya mwanga, duara kamili. Hii ilikuwa giza.

Wengi hapa huchukua waya wa breki na kuchokonoa. Shaba ni laini, chuma kikipita tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta na hakuna anayejua kwa nini. Mimi nililoweka kwenye petroli, nikachukua unyuzi mmoja wa waya wa umeme, ule mwembamba wa kusokotwa, nikapitisha bila kusukuma. Mara ya nne nyota ikaonekana. Umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo kompresa haikuwa na kazi. Nilipuliza vijitundu vya ndani kwa pampu ya mguu na sindano ya kujazia mipira. Dogo alikanyaga pampu mpaka jasho likamtoka. Nikarudisha, nikageuza kabureta juu chini na kupuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta: hewa haikupita, floti inafunga. Plagi nikaifuta, skrubu mzunguko mmoja na nusu, kiki moja, ikawaka. Sailensa imetulia, choki imerudi mahali pake, inaguruma ule mlio wake wa zamani, tu-tu-tu. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Saa 5:30 akaondoka.

Saa 6 na dakika chache nikamwona anakuja akisukuma. Jua la Morogoro saa hizo mnalijua. Shati limemganda mgongoni na hasemi neno, na mzee asiyesema neno ni mbaya kuliko anayetukana.

Nikaifungua tena. Naandika hili kwa aibu: niliifungua tena yote, kila jeti, kila tundu, na ilikuwa safi kama nilivyoiacha. Nikafungua mfuniko wa tenki kuchungulia kutu. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikafungua koki, petroli ikatoka kwa nguvu. Nikaangalia mpira kati ya kabureta na injini, nikamwagia maji ya sabuni huku inaunguruma, mlio haukubadilika, hakuna hewa ya wizi. Wateja wengine wawili walisubiri, mmoja akaenda kwa jirani. Ugali wangu uliletwa na mama ntilie ukapoa kwenye sinia. Mzee sasa akawa anaongea, na alichoongea ni historia ya pikipiki tangu ilipotolewa kwenye boksi, wilaya kwa wilaya.

Baada ya hapo sikutazama saa. Nilimwambia mzee akae, nikaipanda mwenyewe, spana namba kumi mfukoni. Nikashuka mpaka Msamvu, nikazunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Ilikwenda vizuri kiasi kwamba nikaanza kuwaza mzee anaota. Halafu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikafa katikati ya malori, nikaiburuta pembeni.

Nikatoa spana kulegeza kabureta mara ya tatu, na mkono ukagoma. Nilishaiona, ni safi. Nikakaa kwenye jiwe nikaitazama pikipiki nzima, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu asubuhi. Nikafungua mfuniko wa tenki.

Fyuuuu.

Tenki ilivuta hewa kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Nikaugeuza mfuniko. Ndani kulikuwa na duara la mpira wa tyubu, limekatwa kwa mkasi, limekaa sawasawa juu ya kile kitundu cha kupumulia. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie nafasi yake. Isipoingia, tenki inayakumbatia mafuta na kabureta inabaki kavu. Ukisubiri, hewa inapenya polepole, inawaka tena. Na mimi, nilipofungua mfuniko kutafuta kutu, nilikuwa nimeipumulisha mwenyewe, ndiyo maana petroli ilitoka kwa nguvu nikaridhika.

Nikarudi kijiweni na ule mpira mkononi. Mzee akautazama.

"Huo niliukata mimi. Mvua za Mgeta zinaingiza maji kwenye tenki."

"Lini, mzee?"

"Masika."

Ikaanza lini kuzima? Akafikiri. Masika.

Nikamwambia elfu kumi: jeti, na mchana mzima. "Ya kutoa kampira?" Tukavutana mpaka jirani zangu wakaacha kazi kusikiliza. Akatoa elfu saba na fungu la karoti kutoka kwenye mfuko wa nyuma. Karoti nzuri, siwezi kukataa. Dogo nikampa elfu mbili za kukanyaga pampu.

Jioni nilifanya taa moja na kukaza mnyororo mmoja, sikumbuki wa nani. Nikafunga sanduku giza limeingia. Nimenawa kwa sabuni ya unga na mchanga na bado mkono ukipeleka tonge mdomoni unanuka petroli.

Saa 2 usiku simu ikalia. Mzee.

"Nimefika. Haijazima hata mara moja."

"Nashukuru mzee wangu."

"Ila huku mvua imeanza. Ule mpira niurudishe?"

"Usirudishe! Ukisimama funika na nailoni. Ukiwasha, toa."

Kimya kidogo, mvua inasikika kwenye bati lake.

"Nimeshaurudisha," akasema.