Nilivyohama Windows kwenda Linux nikiwa na ripoti ya utafiti mkononi

Nilianza kubadili programu, mfumo endeshi ukafuata baadaye. Wiki mbili kabla ya kuigusa Windows niliweka LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayofungua hati za Word, na Zotero, programu ya kupanga marejeo, humohumo ndani yake, nikafungua kila hati ya Word kwa LibreOffice na kuilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Kikiharibika kitu, Word bado ipo pembeni. LibreOffice ya Windows inakula kama MB 350 za bando, na hata kwa bando la mwanafunzi wa Malimbe hiyo ni nafuu kuliko kugundua kasoro wakati Windows imeshafutwa.

Hati ya kurasa 62 ikifunguka na kurasa 65, shuku fonti kwanza. Linux haiji na Calibri, Cambria wala Times New Roman. Badala yake hutumia Carlito, Caladea na Liberation Serif, ambazo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo mistari hukatika palepale ilipokatika kwenye Word. Mbili za kwanza zikikosekana kwenye Ubuntu au Mint, ambayo ni matoleo ya Linux, weka vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Inayosumbua ni Aptos, fonti ya kawaida ya Word mpya tangu 2023: haina mbadala wa namna hiyo. Hati zangu zote za Aptos nilizigeuza kuwa Times New Roman kabla ya kuhama.

Lugha ya mfumo nayo ina lake. Ukisakinisha kwa Kiingereza cha Marekani, hati mpya hufunguka kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, wakati stesheneri wanaweka A4, 210 kwa 297. Matokeo yake maandishi hupunguzwa au ukingo hukatwa. Chagua Tanzania au Uingereza tangu mwanzo.

Kazi yote niliiacha kwenye docx, muundo wa faili wa Word. Najua wapenzi wa Linux watasema odt, muundo wa LibreOffice, ndiyo safi, na kwa hati unayoisoma peke yako wana haki. Lakini msimamizi anatumia Word, na kila safari ya kwenda odt na kurudi inaweza kuacha kitu njiani, hasa namba za vichwa na maelezo ya chini ya picha. Masahihisho na maoni ya msimamizi hupita salama. Kisichopita salama ni ule mchoro wa mfumo wa dhana wa sura ya pili, visanduku na mishale vilivyochorwa ndani ya Word: hutawanyika. Niliuhifadhi kama picha ya PNG, nikaiweka picha hiyo kwenye hati, na mchoro wa asili nikautunza kwenye faili lake.

Marejeo yanataka uangalifu zaidi. Zotero ndani ya LibreOffice huhifadhi nukuu kwa njia inayoitwa Reference Marks, na ukihifadhi hati hiyo kama docx, nukuu zinaweza kubaki maandishi matupu yasiyojisasisha. Kwenye mapendeleo ya hati ndani ya Zotero, chagua Bookmarks. Hiyo hukaa kwenye docx, ila haifanyi kazi kwenye tanbihi za chini ya ukurasa. Kwa hati iliyoanzia Word, tumia kwanza chaguo la Zotero la kuhamia programu nyingine ya kuandikia, ukiwa bado kwenye Word. Ukisahau hatua hiyo, huenda ukalazimika kuziingiza nukuu upya moja moja.

Kwenye majedwali, tatizo letu ni king'ong'o. Jina kama Nyang'hwale likiandikwa kwenye Word hupata alama iliyopinda. Likiandikwa moja kwa moja kwenye Excel hupata iliyonyooka. Ukiingiza vipimo vya dagaa wa mwaloni Kirumba kutoka madaftari mawili, R, programu ya takwimu, itahesabu vituo viwili pale kilipo kimoja. Tena Excel ikihifadhi CSV ya kawaida, yaani jedwali la maandishi matupu, hutumia usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa namba) wa Windows-1252, na Linux inayosoma UTF-8 itaonyesha alama iliyopinda kama takataka. Hifadhi kwa CSV UTF-8, kisha badilisha alama zote ziwe zilizonyooka. Kama faili lilishahifadhiwa vibaya, Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, ikiuliza usimbaji wakati wa kulifungua, chagua Windows-1252.

Majina ya mafaili niliyasafisha mapema. Linux inakubali nukta mbili, kama "Sura ya 2: Mapitio.docx", Windows inalikataa jina hilo. Kwa upande wa pili, Windows haijali Dagaa.csv au dagaa.csv, Linux huyaona mafaili mawili tofauti, na msimbo wako wa R utalalamika kuwa faili halipo. Herufi ndogo na mistari ya chini, basi.

Kabla ya kufuta chochote, angalia folda ya OneDrive. Faili lenye alama ya wingu halipo kwenye laptopu. Lipo jina tu. Yashushe yote, nakili kwenye diski ya nje, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti. Kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la usimbaji fiche la Windows, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi.

Usakinishaji wenyewe ndio mwepesi. ISO ya Mint, yaani faili la kusakinishia, ni karibu GB 3, flashi ya GB 8 inatosha, programu ya Rufus inaiandika. Hakiki kwanza faili hilo kwa amri ya Windows, certutil -hashfile jina.iso SHA256, na ulinganishe na namba ya tovuti, maana upakuaji uliokatika katikati huzaa makosa ya ajabu. Betri iwe imejaa; umeme hausubiri. Ukibakiza Windows pembeni, zima uanzishaji wa haraka (Fast Startup) wa Windows, la sivyo Linux itaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu.

Flashi nina mbili. Ya muundo wa exFAT inabeba faili lolote kati ya mifumo yote. Ya FAT32, isiyopokea faili la zaidi ya GB 4, ni ya mashine za fotokopi zinazosoma flashi moja kwa moja. Humo naweka PDF peke yake. Usichomoe kabla ya kuitoa kwa amri. Linux husema imemaliza kunakili wakati sehemu ya data bado iko kwenye RAM.

Flashi ikirudi kutoka stesheneri na kirusi cha njia za mkato, Linux itakuonyesha folda zako halisi kando ya mafaili ya .lnk. Futa hayo .lnk. Mwenzako wa Windows bado hataziona folda hizo, kwa sababu kirusi kimezificha. Fungua dirisha la amri kwenye laptopu yake, ingia kwenye flashi, uandike attrib -h -s /s /d *.* halafu ubonyeze Enter.