Den bergtagna: namna ya kuisikiliza opera ya Hallström ukiwa Dodoma

Mwalimu wa kwaya akiuliza aanze na opera gani, jibu huwa lilelile: Mozart au Verdi. Kwa kwaya za Dodoma tunapendekeza kitu kisichosikika sana: Den bergtagna (yaani Aliyechukuliwa na mlima) ya Ivar Hallström, Mswidi aliyeishi kati ya 1826 na 1901. Ilionyeshwa kwanza Stockholm mwaka 1874, maneno yakiwa ya Frans Hedberg. Rekodi ya kutafuta ni ya Norrlandsoperan ya mji wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, iliyotolewa na lebo ya Sterling.

Usianze na opera yenyewe. Anza na wimbo wa hadithi ulioizaa, uliochapwa katika mkusanyo wa nyimbo za kienyeji za Sweden wa Geijer na Afzelius uliotoka 1814 hadi 1818. Msichana anakwenda ibada ya alfajiri, njia inampitisha chini ya mlima, anabisha hodi kwenye mwamba na mfalme wa mlimani anamfungulia. Anakaa humo miaka 8, anazaa wana 7 na binti 1. Kisha anamkumbuka mama yake, anaomba ruhusa ya kwenda kumwona, na anaipata kwa sharti kwamba asiwataje watoto. Anawataja. Mfalme anamfuata hadi nyumbani kwa mama na kumrudisha mlimani.

Muundo wake utaeleweka haraka kwa mtu yeyote aliyezoea kupokezana na mwimbishaji. Kila ubeti una mishororo miwili mifupi ya kisa na vibwagizo viwili: mshororo wa kwanza, kibwagizo cha kulalamika kwamba muda umekuwa mrefu, mshororo wa pili, kibwagizo cha kwamba huzuni ni nzito. Vibwagizo havibadiliki hata kisa kikiwa bado cha furaha, na hapo ndipo utamu ulipo: wasikilizaji wanaujua msiba kabla ya msichana mwenyewe. Wape kwaya zoezi hili kabla ya kuwasha spika. Mmoja asimulie kisa kwa Kiswahili au Kigogo, wengine washike vibwagizo kwa sauti nne, beti sita au saba zinatosha.

Baada ya hapo opera itawashangaza kidogo. Hallström alichota kwenye nyimbo za kienyeji, lakini okestra yake ilisoma kwa Wafaransa, hasa Gounod, na jukwaa halifuati wimbo wa zamani neno kwa neno. Anayetaka muziki wa kijijini mtupu atakereka. Kwa maoni yetu mchanganyiko huo ndio unaofaa kusomwa na mwalimu anayepanga nyimbo za asili kwa kwaya, maana anakutana na swali lilelile: mpigo na melodia ya kienyeji vibaki vipi ukishaweka hamoni ya kitabuni?

Kuna jambo la masikio. Muziki wa Wagogo umesimama juu ya mfululizo asilia wa sauti, yaani sauti zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi, zile za 6, 7, 8, 9 na 10, na ilimba, chombo chao cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hupangwa hivyo. Sauti ya 7 iko chini ya ile ya piano kwa takriban senti 31, pale ambapo nusu toni ni senti 100. Mtu aliyekulia na ilimba akisikia okestra ya Hallström anaweza kusema waimbaji wamepanda. Hawajapanda. Msimwambie mpiga ilimba naye "arekebishe" chombo chake ili kilingane na rekodi.

Kuipata kuna mitego. Tafuta jina la opera pamoja na la mtunzi, kwa sababu Den bergtagna peke yake itakuletea vikundi vinavyoimba ule wimbo wa hadithi tu. Herufi ö ikikushinda andika Hallstrom. Ukiletewa Bergakungen ya Hugo Alfvén, hiyo ni baleti ya karne ya 20 kutoka kwenye ngano hiyohiyo. Na kile kipande maarufu cha ukumbi wa mfalme wa mlimani ni cha Grieg, Mnorwe, cha 1876.

Faili sasa. Sauti ya diski bila kubanwa hula karibu MB 10.6 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 320 hula MB 2.4, yaani diski ya dakika 80 ni kama MB 192. Usishuke hadi 128 ili kuokoa bando: herufi s na matoazi huanza kukwaruza. Bora zaidi ni FLAC, faili inayobana sauti bila kupoteza chochote, kwa sababu katika opera muziki haukomi pale namba ya wimbo inapobadilika. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzo na mwisho wa kila faili, na programu isiyojua kuunganisha itakukatia sauti katikati ya neno. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, zima pia kile kinachosawazisha sauti, kwani hunyanyua minong'ono hadi ilingane na kelele. Kutumia WhatsApp kunawezekana, ila tuma kama hati.

Sabufa ndiyo adui mkubwa. Ikikaa pembeni mwa ukuta huvimbisha besi na ngoma za okestra hadi maneno yapotee. Itoe pembeni, punguza besi, na spika mbili ndogo ziwe usawa wa masikio ya waliokaa, kama mita 2 kati yake na mita 2 hadi kwa wasikilizaji. Ukumbi wa sakafu ya vigae na kuta tupu unarudisha mwangwi. Tandika mikeka, tundika vitenge nyuma ya spika. Mchana bati hulia likipata joto, na kati ya Desemba na Aprili mvua ikigonga juu yake hakuna opera itakayosikika. Jioni ni afadhali. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji na spika za betri, maana umeme ukikatika katikati ya tendo, kurudi nyuma kutafuta mahali mlipoachia huchosha kuliko kuanza tendo upya.