Siku moja na nyavu, pete na mgeni wa Basra

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watu wanatoka msikitini Watamu, pwani ya Kenya, sisi tunafungua nyavu za kunasia ndege kwenye vichaka nyuma ya mikoko ya hori ya Mida. Ni nyavu za uzi mweusi mwembamba, na katika mwanga huu hafifu ndege hazioni. Ni mwanzo wa Aprili. Kaskazi imekwisha, masika yamekaribia, kusi imeanza kugusa majani. Ndege waliotujia Novemba na Desemba kutoka Ulaya na Asia sasa wanarudi kwao kuzaliana, na kabla ya kuondoka wanakula mchana kutwa.

Saa kumi na mbili. Mzunguko wa kwanza. Tunakagua nyavu kila baada ya dakika ishirini, na jua likipanda tunafupisha zaidi, kwa sababu ndege mdogo huzidiwa na joto upesi. Kumtoa kunataka mikono iliyotulia. Unatazama kwanza aliingilia upande gani, kisha unafungua miguu, mbawa, kichwa. Anayekuja kujifunza hapa hukaa muda mrefu akishika mifuko tu kabla hajaruhusiwa kugusa ndege, na naona ni haki. Pete yenye namba tunayomvisha mguuni inamsaidia mtafiti kumtambua akishikwa tena. Ndege hana faida nayo leo, kwa hiyo lazima aondoke mzima kama alivyokuja. Tunapata shore wawili na mnana mmoja anayeuma vidole kwa nguvu zake zote. Hao ni wenyeji.

Saa moja. Meza iko chini ya mkwaju: mizani, rula ya bawa, koleo, daftari, na pete za alumini zilizotoka Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mfuko wa kwanza una *Luscinia luscinia*, mwimbaji wa usiku anayezaliana huko Sweden, Finland na Urusi. Mfuko unaofuata una yule ambaye kwa ajili yake nilikuwa natamani asubuhi hii ifike.

Ana mgongo wa kijivu cha mzeituni, mstari mweupe juu ya jicho, tumbo jeupe, na mdomo mrefu mwembamba. *Acrocephalus griseldis*, ndege wa matete wa Basra. Duniani anazaliana karibu wote kwenye vinamasi vya Iraki, kati ya mito Frati na Hidekeli, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Baada ya maasi ya mwaka 1991 serikali ya Saddam Hussein ilivikausha vinamasi hivyo, ikawaondolea watu wa huko maisha yao na ndege huyu viota vyake. Maji yalianza kurudi mwaka 2003, ingawa si yote.

Namshika shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kwenye kiganja. Mwenzangu anaandika.

"Soma namba, dada."

Nasoma.

"Soma tena."

Nasoma tena, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pete haina maana. Kisha bawa. Kisha napuliza manyoya ya kifua taratibu, na pale kwenye kishimo chini ya koo mafuta ya manjano yamejaa hadi yametuna. Uzito wake umezidi sana ule wa ndege wa aina yake tunaowapima hapa Januari. Mafuta haya ndiyo safari yenyewe. Kutoka hapa hadi Basra ni zaidi ya kilomita 3,500, na njiani kuna pembe kavu ya Afrika na jangwa la Uarabuni. Kila tone la mafuta hayo amelipata kwenye wadudu wa vichaka kama hivi vya kwetu.

Nafungua mkono. Anaingia kichakani moja kwa moja.

Saa tatu. Mzee mmoja jirani anapita na baiskeli yake, kama kawaida anasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo mmepata nani?"

"Mgeni wa Basra, babu."

"Basra ya tende?"

"Hiyo hiyo."

Anashusha baiskeli na kukaa. Ujanani alikata boriti huko Lamu, na anakumbuka majahazi ya Ghuba yakija na kaskazi yamebeba tende, yakirudi na kusi yamejaa mikoko. Namwambia ndege huyu anafuata pepo hizo hizo. Anatikisa kichwa, kisha anauliza swali ambalo hata wageni wa vyuo vikuu hawaliulizi: "Na kichaka kikikatwa, atakula wapi?"

Saa nne tunafunga nyavu, jua limekuwa kali.

Saa saba mchana naingiza takwimu kwenye kompyuta. Pete ni kazi ya subira: ndege wengi wadogo waliovishwa hawaonekani tena. Lakini Ngulia, kule Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege hawa wanashikwa usiku wa ukungu, pete zake zimewahi kupatikana Ulaya na Mashariki ya Kati. Kipo pia kifaa kidogo kinachobebwa mgongoni na kurekodi mwanga. Saa za macheo na machweo zinaonyesha ndege alikuwa wapi. Nakipenda, ila ni lazima umshike ndege yule yule tena mwaka unaofuata, na kwa ndege mwepisi hivi kila sehemu ya gramu ni mzigo.

Saa kumi jioni tunafungua nyavu tena. Wachache tu.

Saa mbili usiku nachapa ukurasa mmoja: mafuta ya Januari upande huu, ya Aprili upande ule. Ni wa mwenye shamba lenye vichaka hivi: anataka kufyeka ili ajenge, na shamba ni lake. Siombi aache kujenga. Naomba aubakize ule ukanda wa kando ya maji, wenye kichaka kizito. Kesho saa tatu tutakutana palepale mezani, na babu amesema atakuja.