Kinamasi Ndani ya Mipaka Yetu

Baba alipotuachia shamba, mthamini wa kwanza alilipigia hesabu lote kwa bei moja, kana kwamba kila hatua ingejengeka. Iliniuma. Theluthi nzima ni ardhioevu: matete, maji ya kufika vifundoni wakati wa masika, na ukichimba kidogo unakuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, dalili ya ardhi iliyokaa na maji bila hewa. Hata kiangazi madoa hayo hayafutiki.

Nikaomba upimaji mpya, kinamasi kichorwe peke yake pamoja na ukanda wa kando usioruhusiwa kujengwa. Thamani ilishuka, kodi nayo ikashuka. Ila sikubali kiitwe eneo bovu. Mvua kubwa zikinyesha, maji hutulia pale kabla ya kuwafikia majirani wa bondeni.